Kisu cha kukunja kwenye mkoba wa fundi: getini, uwanjani, SGR na ndege ya London

fundi_waya

Wakuu, habari za mchana.

Naomba msaada kwa wanaoyajua haya mambo, siyo wa kubahatisha. Mkoba wangu wa kazi ya umeme una kisu cha kukunja chenye loki (kikifunguliwa kinajifunga; bapa lake lina sm 8), Leatherman Wave (plaizi ya kukunja yenye visu na vifaa vingine ndani yake), bisibisi nne na tester. Mkoba huu nautembeza kila siku: ofisi za serikali, maduka makubwa, jioni pengine napitiliza kwa Mkapa kuangalia mpira. Mwezi ujao nina safari ya Dodoma kwa treni ya SGR, kisha London kupitia Addis Ababa, na nilipanga kubeba begi la mkononi tu.

Maswali: kuna urefu wa kisu unaoruhusiwa kisheria hapa kwetu? Mlinzi akikikuta, nimwambieje? Na kwenye ndege kipi kinapita na kipi hakipiti?

---

zamu_ya_usiku

Mkuu, nijibu upande wa getini.

Mashine ya mlango haijui kisu wala funguo. Inajua chuma, basi. Anayejua ni yule anayetazama picha ya begi kwenye skrini, na kisu kilichokunjwa kinaonekana wazi: bapa, springi, msumari wa bawaba. Kwa hiyo suala la "pengine hawataona" lifute kichwani. Swali ni wakikiona watakuwa wameshaambiwa au la.

Fanya hivi. Kisu kikae kimekunjwa ndani ya kifuko cha vifaa, pamoja na bisibisi na tester, kifuko kifungwe zipu. Kisiwe mfukoni mwa suruali na klipu imechungulia nje. Ukifika, KABLA ya kuweka begi kwenye mkanda, sema: "Afande, humu kuna vifaa vya umeme, kimo na kisu cha kukunja." Halafu nyamaza, usubiri. Kosa kubwa ambalo mafundi hufanya ni kukichomoa wenyewe ili kuonyesha kwamba hawana neno. Aliye nyuma yako kwenye foleni hakusikia mlichoongea, ameona tu mkono wa mtu una kisu. Mlinzi akitaka kukiona atakitoa yeye, au atakwambia utoe kifuko kizima.

Kama umeitwa kufanya kazi ndani ya jengo, usipite mlango wa wageni kabisa. Ulizia mlango wa mizigo, andikisha vifaa vyako kwenye daftari kimoja kimoja ("kisu cha kukunja 1, bisibisi 4"), uwe na jobu kadi au hata meseji ya aliyekuita pamoja na namba yake. Orodha hiyo itakusaidia pia kutoka, maana mlinzi wa jioni siye aliyekuingiza asubuhi.

Kama hukuja kikazi, omba kukiacha. Penye utaratibu utapewa kibao chenye namba. Pasipo na utaratibu, usiache kitu kwa mdomo tu: kipige picha kikiwa mezani kwao, andikisheni saa na jina la zamu. Visu vingi havipotei kwa wizi, vinapotea zamu zinapobadilishana.

Gari nalo linakaguliwa. Nairobi tangu shambulio la Westgate, Septemba 2013, kufunguliwa buti na kupitishiwa kioo chini ya gari ni jambo la kawaida kwenye maduka makubwa. Kisu kilichotupwa kwenye mfuko wa mlango wa dereva kinaanzisha maswali ambayo kisu hichohicho ndani ya sanduku la vifaa kwenye buti hakianzishi.

Uwanjani: usiende nacho. Hapo hakuna cha jobu kadi. Watu ni maelfu, upekuzi ni wa haraka, na kilichokamatwa hutupwa kwenye pipa pamoja na chupa na fimbo za bendera, hukioni tena. Na tafadhali usikifukie kwenye majani nje ya uzio ili ukichukue baadaye. Kuna watoto wanaouza maji pale nje wanaokutazama unapokificha.

---

Kifungu84

Suala la urefu: watu wengi hapa wanauliza sentimita kwa sababu wamesoma sheria za Ulaya. Kwetu Tanzania, Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, kifungu cha 84, inazungumzia mtu anayetembea na silaha hadharani bila sababu halali, kwa namna ya kuwatia watu hofu. Haitaji sentimita hata moja. Kenya wana kifungu kinachofanana nacho, cha 88, halafu wana kikali zaidi, cha 308(1): kukutwa na silaha ya hatari katika mazingira yanayoonyesha nia ya kutenda kosa kubwa, kifungo miaka 7 hadi 15.

Tazama maneno yenyewe: sababu, namna, mazingira, nia. Kisu cha sm 8 kwenye kifuko cha fundi saa nne asubuhi ni kifaa. Kisu cha sm 5 kiunoni kwa mtu aliye baa saa saba usiku kina kazi ya kujieleza. Mmasai mwenye sime anayelinda geti la watu usiku yuko kazini. Sime hiyohiyo kwenye foleni ya mkutano wa hadhara ni habari nyingine, hata kama ni sehemu ya vazi lake.

Kwa hiyo ukiulizwa "cha nini?", jibu ni kazi: kumenya waya, kukata mabomba ya plastiki, kufungua maboksi. Kama huna jibu la namna hiyo kwa siku ile na mahali pale, hicho kisu hakikupaswa kutoka nyumbani.

---

mtumzima

Mimi naona mnamtisha mwenzetu bure. Aseme tu ni cha kujilinda, mji umeharibika, kila mtu anaelewa.

---

Kifungu84

@mtumzima hapana mkuu, hilo ndilo jibu baya kuliko yote. Ukisema "cha kujilinda" umeshakiri kwamba umekibeba kwa ajili ya mwili wa mtu. Kilikuwa kifaa, wewe mwenyewe umekigeuza silaha kwa mdomo wako. Na huko London anakokwenda ni hivyohivyo kwa maandishi: sheria yao ya mwaka 1953 inahesabu kuwa silaha kitu chochote kilichobebwa kwa nia ya kumdhuru mtu. Hata bisibisi inaingia.

---

Mswahili_wa_Leicester

Naunga mkono. Sasa upande wa huku Uingereza, fundi_waya, soma taratibu maana hapa ndipo watu wa nyumbani wanapoteleza.

Kuna sheria MBILI tofauti na watu wanazichanganya: ya ndege na ya barabarani.

Ndege. Uingereza na nchi za Umoja wa Ulaya kipimo cha kwenye kabini ni sm 6. Kisu chenye bapa la zaidi ya sm 6 hakipandi nawe. Mkasi hali kadhalika, na hupimwa kuanzia kwenye msumari wa katikati mpaka nchani, siyo mkasi mzima. Ila usijipe moyo kwamba chako cha sm 5 kitapita: Uingereza hata ncha kali peke yake inatosha kukizuia, na neno la mwisho ni la afisa aliye kwenye mashine. Halafu safari yako inaanzia Dar na unaunganisha Addis. Kila uwanja una sheria zake na ukaguzi wake, na ulichoruhusiwa nacho wa kwanza unaweza kunyang'anywa wa pili. Marekani ndiko hakuna mjadala: kisu chochote chenye makali marufuku kabini. Kuna watu bado wanasema Marekani visu vidogo vimeruhusiwa. Wanachokikumbuka ni mpango wa 2013, uliofutwa Juni mwaka huohuo kabla haujaanza kazi.

Bisibisi umezisahau kwenye swali lako, nazo ni tatizo. Ulaya kifaa chenye chuma cha zaidi ya sm 6, kama bisibisi au patasi, kinahesabika pamoja na visu. Bisibisi ya kawaida ya fundi umeme ina chuma cha sm 10. Haipiti. Marekani wanapima kifaa kizima, mwisho inchi 7.

Kwa ufupi, lipa begi la chini, lile linalokwenda kwenye buti la ndege. Ukipanga kusafiri na begi la mkononi tu, acha vifaa vyote Dar.

Barabarani. Hapa kipimo ni kingine: inchi 3, yaani sm 7.62, na ni cha MAKALI. Kisu cha kukunja kisichozidi hapo unaweza kukibeba bila kutoa sababu, kwa sharti kwamba kisiwe na loki. Narudia, kisiwe na loki. Mahakama zimeshaamua kwamba kisu kinachojifunga kikiwa wazi, mpaka ubonyeze kitu ndipo kikunjike, si kisu cha mfukoni, hata kiwe na sm 4. Kwa hiyo kisu chako hakifai mara mbili, na Wave yako nayo haifai kwa sababu bapa zake zinajifunga. Wengi hununua Leatherman wakidhani ni plaizi tu.

Victorinox (kile kisu cha Uswisi chenye vifaa vingi) ile ya mm 91 ikiwa imekunjwa, makali yake hayafiki inchi 3 na haina loki: barabarani sawa. Lakini bapa lake kubwa linapita sm 6, kabini hapana. Zile za mm 111 zina loki, hizo ni kundi la Wave.

Kuwa na "sababu nzuri" kunakubalika: kazi, dini (Masingasinga na kirpani zao, visu vyao vya kidini), vazi la taifa. Lakini kuthibitisha ni juu yako wewe, na sababu hutazamwa kwa saa na mahali. Fundi akiwa njiani kwenda saiti Jumatatu ana sababu. Kisu hichohicho kikibaki kwenye koti Jumamosi usiku hana, na "nilisahau" haisaidii peke yake. England na Wales adhabu ya juu ni miaka 4.

Shuleni usilete kabisa, hata ukienda kumchukua mtoto wa ndugu yako.

---

Noleo

Naongezea kuhusu Ujerumani kwa wanaopita huko: kisu kisichokunjwa chenye bapa la zaidi ya sm 12, na kile cha loki kinachofunguka kwa mkono mmoja, havibebwi bila sababu halali. Tangu mwisho wa Oktoba 2024, baada ya shambulio la Solingen, kwenye sherehe za wazi, masoko na maonyesho marufuku imepanuliwa ikagusa visu kwa jumla.

Ila nataka kusema jambo kuhusu loki kabla watu hawajaanza kuzing'oa. Loki ipo kwa ajili ya vidole vyako. Kisu kisicho na loki ukikisukuma kwa ncha, au ukikibana kwenye bomba nawe ukakigeuza, kinakukunjikia mkononi. Kwa kazi ya saitini Dar, chenye loki ndicho sahihi. Kwa mfukoni London, kisicho na loki ndicho halali. Hivyo ni visu viwili, na kimoja hakiwezi kufanya kazi ya kingine. Ukitumia kisicho na loki, kata kwa kuvuta kuelekea upande wa makali, usidunge.

Na kusema kweli, kisu si kifaa cha kumenyea waya. Kinachana nyuzi za shaba, waya unapungua unene pale kwenye terminali, panapata moto. Koleo la kumenyea lenye matundu ya 1.5, 2.5 na 4 linafanya kazi vizuri zaidi, na getini halimshtui mtu. Ukishalipata hilo, utaona kisu unakihitaji mara chache mno kwa siku.

Kufunga kwa ajili ya begi la chini:

Kisu cha kukunja: hakikisha kimekunjwa, zungushia teipu raundi mbili kwenye mpini ili kisifunguke kwa mtikisiko. Kisicho cha kukunja: kama ala imepotea, kata kadibodi ndefu kuliko bapa kwa sm 3 hivi, ikunje juu ya makali, kunja na ncha yake, funga teipu. Kisha viringa kwenye taulo, weka katikati ya begi, mbali na zipu na mifuko ya pembeni. Kisa cha haya yote ni mkaguzi: anafungua begi lako nawe haupo, anaingiza mkono bila kutazama. Wanaorudi na khanjari za zawadi kutoka Muscat wafanye hivyohivyo, hata kama haina makali. Kwenye kabini khanjari inahukumiwa kwa umbo lake.

---

fundi_waya

Nashukuruni sana wakuu, nimeelewa vizuri kuliko nilivyotarajia. Mawili yamebaki. Moja, SGR ya Dodoma. Pili, nikiamua begi la chini, nina drili ya betri 18V, betri mbili za 5Ah. Naziweka pamoja na visu?

---

zamu_ya_usiku

SGR ichukulie kama uwanja wa ndege ambao hauna begi la chini. Mizigo inapita kwenye mashine, na Kenya wanaipanga mstari mbwa wainuse kwanza. Shida ni kwamba kwenye treni begi lako unakaa nalo, hivyo hakuna mahali pa "kukipeleka chini". Soma masharti ya tiketi, na kama vifaa ni lazima vifike Dodoma, vitume kama kifurushi kwa basi siku moja kabla. Fika mapema pia. Mabishano yanayoanza dakika kumi kabla ya treni kuondoka huishia kwa kisu kubaki stesheni, au wewe.

---

Mswahili_wa_Leicester

Betri usiziweke chini! Ni kinyume cha kisu. Betri za lithiamu za akiba zinapanda nawe kabini, mwisho 100 Wh (wati-saa) kwa kila betri bila kuomba kibali cha shirika. Zidisha volti kwa Ah: 18 × 5 = 90 Wh, umepona. Bandika teipu kwenye vichwa vya chuma vya kila betri zisigusane na funguo. Drili yenyewe bila betri, visu, bisibisi na koleo, vyote chini.

Na jambo moja la mwisho: mlangoni mwa ndege wakikwambia begi la mkononi limezidi, linashushwa chini, toa betri na power bank kwanza. Usiku wa kuamkia safari mwaga kila mfuko wa mkoba kitandani, mpaka ule mdogo wa ndani wa kalamu. Wembe wa teipu hupenda kukaa humo.