Uchumi unakua ila kwangu mwezi haufiki, naomba ushauri

Habari zenu wakuu. Mimi naishi Mbagala, Dar, nina mke na watoto watatu, kazi yangu ni ya stoo huko Kurasini, nashika laki nne na themanini kwa mwezi. Tangu July 2020 Benki ya Dunia ituweke uchumi wa kati, kila nikifungua redio naambiwa uchumi umekua asilimia tano na kitu, na kweli maghorofa nayaona, mwendokasi imefika mpaka huku kwetu, lakini mshahara wangu uko palepale tangu mwaka juzi na sukari na mafuta ya kula havijawahi kunisubiri.

Kilichonimaliza ni kodi. Mwenye nyumba alitaka ya miezi sita kwa mkupuo, 600,000, nikaona isiwe tabu nikachukua kausha damu (mikopo ya mtaani yenye riba kubwa) laki nne, sasa kila wiki narejesha 65,000 kwa wiki nane, piga hesabu mwenyewe utaona ni wendawazimu. Nikichelewa siku moja faini, na wale jamaa wanakuja mpaka mlangoni (majirani wameshajua yote).

Wife anapika vitumbua, anataka waungane wenzake watano waombe ule mkopo wa halmashauri unaotoka kwenye asilimia kumi ya mapato yake, hauna riba. Kuna aliyepata kweli? Inachukua muda gani? Au niuze kiwanja cha Mkuranga nimalize hili deni kwanza? Roho inaniuma kukiuza, ndo kitu pekee nilichonacho.