Naomba ushauri: mteja wa projekti yetu abadilisha mawazo kila wiki

Wajameni salamu, mie nasomea kutengeneza programu hapa Mombasa, kikundi chetu tunamtengenezea mzee mmoja muuza viungo pale Marikiti sistimu ya stoku na madeni, mahitaji tukayaandika vizuri sasa kila tukienda yuwataka kipya, mara malipo ya M-Pesa yajiandike yenyewe, mara mwanawe naye aja na yake. Skramu, ule utaratibu wa kutengeneza programu kidogo kidogo, yasema prodakti ona, yaani mwenye kauli ya mwisho juu ya kinachotengenezwa, awe mtu mmoja si kamati, haya nani amwambie mzee wa watu? Mwalimu naye ataka waraka wa mahitaji ukamilike kabla hatujaandika hata mstari mmoja. Mabadiliko tuyaingize katikati ya sprinti, kile kipindi kifupi cha kazi, ama yangoje kwenye baklogi, ile orodha ya kazi zinazosubiri? Na sahihi ya mzee kwenye mahitaji twaiombaje asione twamfunga?