Programu ya zamani ya WinForms (ya madirisha ya mezani) imeshindwa kuwasiliana na seva ya HTTPS

Swali

Ndugu zangu, ninatunza programu ya stoo iliyoandikwa kwa lugha ya C# juu ya .NET Framework 4.0, jukwaa la Microsoft la kuendeshea programu, ambayo bado inatumika kwenye kompyuta za Windows 7 SP1 katika ghala la mteja wangu. Kila jioni hutuma mauzo ya siku, ankara moja baada ya nyingine, kwa HttpWebRequest, zana ya .NET ya kutuma maombi kwa seva. Tangu wenye seva walipobadilisha mipangilio ya usalama, GetResponse, amri ya kupokea jibu la seva, hurudisha hitilafu kwamba njia salama ya SSL/TLS (itifaki za kusimba mawasiliano) haikuweza kuundwa, ingawa anwani ileile hufunguka vizuri kwenye Firefox katika kompyuta hiyohiyo. Sina nafasi ya kuiandika upya. Nifanye nini?

Jibu la 1

Ndugu, Firefox isikupoteze: hubeba maktaba yake yenyewe ya usimbaji fiche, ilhali .NET hutegemea ile ya Windows. Programu iliyoundwa kwa 4.0 huomba SSL 3.0 au TLS 1.0 tu, na seva nyingi zimeacha kuzipokea; TLS 1.0 na 1.1 zilitangazwa rasmi kuwa zimepitwa na wakati mwezi Machi 2021.

Sakinisha .NET Framework 4.8, toleo la mwisho linalokubalika kwenye Windows 7, ambalo huchukua nafasi ya 4.0 bila kukulazimisha kuhamisha mradi wako. Kisha, mwanzoni kabisa mwa Main, sehemu ambamo programu huanzia, kabla ya ombi lolote, weka mstari huu:

`ServicePointManager.SecurityProtocol = (SecurityProtocolType)3072;`

Namba hiyo ndiyo TLS 1.2, tunaiandika kwa tarakimu kwa sababu jina Tls12 halimo katika 4.0. Na yeyote atakayekushauri uzime ukaguzi wa cheti cha seva, yaani kitambulisho chake cha usalama, usimsikilize: mazungumzo yako yanavunjika hata kabla cheti hakijakaguliwa, kwa hiyo utapoteza usalama bila kupata kitu.

Muuliza swali

Ahsante sana, hitilafu ile imeondoka. Sasa limezuka jingine: ankara zikikataliwa na seva, mbili za kwanza hurudi mara moja, ya tatu huganda pamoja na dirisha zima kwa zaidi ya dakika moja na nusu, kisha muda huisha.

Jibu la 2

Hizo ni sekunde 100, muda wa kusubiri ambao HttpWebRequest huja nao. Kwa kawaida programu ya mezani huruhusiwa miunganisho miwili tu kwa seva moja, na jibu la seva ambalo msimbo wako haujalifunga huendelea kushikilia muunganisho wake. Naona majibu mawili yamebaki wazi, na ombi la tatu linasubiri nafasi isiyopatikana. Kuongeza DefaultConnectionLimit, yaani kikomo hicho cha miunganisho, kutaahirisha tatizo tu. Ama dirisha kuganda, hamishia utumaji kwenye BackgroundWorker, zana ya kufanya kazi nyuma ya dirisha, ambayo ipo tangu .NET 2.0.

Muuliza swali

Nimekuta majibu yanayobaki wazi. Jibu la kawaida nilikuwa nimelizungushia using, ambayo hulifunga yenyewe, lakini seva ikirudisha 400 (ombi lina kasoro), msimbo huangukia kwenye catch, sehemu ya kushughulikia hitilafu, ambako nilikuwa nasoma ujumbe kutoka ex.Response, jibu linalobebwa na hitilafu, bila kuifunga. Nimeifunga, na ankara 40 za majaribio, zote zikiwa na kasoro za makusudi, zimetumwa bila programu kuganda. BackgroundWorker naishughulikia kesho.