Naomba ushauri: mwanangu anataka kuacha shule aingie timu ya gemu ya kulipwa

MAMA WA WATATU
Salaam wakuu. Naomba mnisome hadi mwisho, jambo hili linaninyima usingizi.

Kwetu ni Tanga, ila kwa sasa tunaishi kaskazini ya Dallas, Texas. Kijana wangu mkubwa ana miaka 17, kabakiza mwaka mmoja amalize sekondari. Anacheza Call of Duty, gemu ya vita ya kufyatuliana risasi, na anaiweza kweli, hadi watu wazima asiowajua humtafuta mtandaoni wacheze naye. Sasa anataka kuacha shule afanye mtihani wa GED, ule wa walioacha sekondari, ili kutwa nzima awe mazoezini na timu ya ridhaa. Shabaha yake ni OpTic Texas, timu ya kulipwa ya gemu hiyo. Kila nikimhoji ananiambia, "Mama, timu yenyewe iko Frisco, mwendo wa nusu saa. Wangapi wana bahati hiyo?"

Mwaka 2024 OpTic walichukua ubingwa wa dunia hapa Allen, mbele ya mashabiki wao. Mjomba wake alimpeleka ukumbini. Tangu siku ile hana wazo jingine.

Baba yake anaendesha malori, siku nyingi yuko njiani. Kasema akiacha shule ahame nyumba. Mimi sitaki mtoto ahame, na sitaki akose cheti. Juu ya hayo, meneja wa hiyo timu ya ridhaa katutumia mkataba, anataka saini yangu kwa kuwa mtoto hajafika miaka 18. Nifanyeje?

DEREVA MSTAAFU
Pole dada. Mimi niko na baba. Hatukuvuka bahari watoto waje kuacha shule. Mkatalie, atanuna wiki mbili, atasahau.

KIJANA WA GARLAND
Shikamoo mama. Mzee wangu hapo juu naomba nimpinge kwa heshima: hatasahau. Nina miaka 24, nimecheza Challengers, ile ngazi iliyo chini ya Call of Duty League, na najua moto alionao. Ukimkatalia bila kumpa sababu anazoziheshimu, atacheza kwa kujificha na hutajua anasaini nini na nani.

Mpe sababu za ndani ya mchezo wenyewe. Ligi ina timu 12, na tangu msimu wa 2021 kila timu inaingiza wachezaji 4. Hapo ni nafasi 48 kwa dunia nzima. Kabla ya hapo walikuwa 5. Muulize habari za Clayster, lazima anazijua. Mwaka 2020 Clayster alikuwa Dallas Empire waliobeba ubingwa wa msimu wa kwanza wa ligi na zawadi ya dola milioni 1.5. Ligi ikapunguza wachezaji kutoka 5 hadi 4, na bingwa huyo, mmoja wa wakongwe wa mchezo wote, timu yake ikamwacha. Hakuwa ameshuka kiwango. Alipata kazi New York kwa sababu tayari alikuwa na jina. Kijana wa miaka 18 asiye na jina angekwenda wapi?

Halafu hilo la Frisco kuwa karibu, mama, ndilo linalompotosha kuliko yote. Jina la jiji kwenye jezi halina maana kwamba timu inachukua watoto wa jiji. Overwatch League, ligi ya gemu nyingine iitwayo Overwatch, ndiyo iliyotangulia kwa mtindo huu wa timu za miji, na bingwa wake wa kwanza, mwaka 2018, alikuwa London Spitfire. Wachezaji wote walikuwa Wakorea, na msimu wa kawaida ulichezwa Burbank, California. London ilikuwa jina tu. Hapa kwetu Dallas Fuel, timu ya ligi hiyo hiyo, walichukua ubingwa mwaka 2022 kwa kuwafunga San Francisco Shock 4-3, na kikosi kilikuwa cha Wakorea. Nahodha wao Fearless alitoka mbali kweli: alipitia Shanghai Dragons mwaka 2018, timu iliyopoteza mechi zote 40 za msimu. Kwa hiyo kijana wako hashindani na watoto wa Frisco na Plano. Anashindana na kila mtu mwenye pedi mkononi.

Na timu zenyewe huhama. OpTic hao hao walikuwa Chicago. Mwishoni mwa 2021 wakaungana na wenye Dallas Empire, ndipo ikazaliwa OpTic Texas. Mtoto wa Chicago aliyekuwa anahesabu nusu saa kama mwanao aliamka timu haipo.

MAMA WA WATATU
Marahaba mwanangu. Hilo la London sikulijua kabisa. Nilidhani ni kama Simba na Yanga, timu ina mtaa wake na wenyewe. Sasa kama hawaangalii mtoto wa karibu, wanampataje mchezaji?

KIJANA WA GARLAND
Wanaangalia matokeo ya Challengers, na wanaangalia unafanya mazoezi na nani. Wachezaji wenyewe hupendekezana. Hayo yote yanaonekana mtandaoni, uwe Texas au Hispania. Sisi tulifanya mazoezi jioni na wikiendi, maana wenzetu wengi walikuwa shule au kazini. Anayekwambia lazima mchana aeleze kwa nini.

MHASIBU
Mimi sichezi gemu, naongelea pesa. Overwatch League ilipoanzishwa iliripotiwa kuwa kiti kimoja, yaani nafasi ya timu moja, kiliuzwa dola milioni 20. Kati ya walionunua walikuwamo matajiri wenye timu za mpira wa Kimarekani na kikapu, si watu wa kubahatisha. Mpango ulikuwa kila timu icheze kwenye jiji lake na kuuza tiketi. Mwaka 2020 ndio mpango huo ukaanza kikamilifu, Corona ikafunga kumbi, mechi zikahamia mtandaoni. Mwaka 2023 fainali ikachezwa Toronto, Florida Mayhem wakashinda, na baada ya hapo timu zikapiga kura kujitoa, kila moja ikilipwa dola milioni 6. Ligi ikaishia hapo, pamoja na Dallas Fuel, bingwa wa mwaka mmoja tu nyuma.

Mwenye timu aliondoka na milioni 6. Mchezaji aliondoka na begi lake. Ndiyo maana cheti nakitetea. Mshahara wa chini uliotangazwa ligi hizi zilipoanza ulikuwa dola 50,000 kwa mwaka pamoja na bima ya afya. Ni pesa halali na kijana wa miaka 18 ataiona kubwa, lakini nesi aliyesajiliwa hapa Texas anapata zaidi, na hospitali haivunjwi kwa kura.

DEREVA MSTAAFU
Naona hoja. Lakini bado baba asikilizwe. Yeye ndiye analala barabarani.

BINTI WA THIKA
Baba asikilizwe, na yeye aketi atazame mechi moja ya mwanawe hadi mwisho. Namwomba hivyo kwa dhati. Mzazi akiona mtoto anavyowapanga wenzake na anavyopokea kushindwa, mazungumzo yanakuwa mengine.

Kwetu Kenya tuna QueenArrow, Sylvia Gathoni, mchezaji wa Tekken, gemu ya kupigana ana kwa ana. Mwaka 2018 alisajiliwa na timu ya nje, na wakati huo alikuwa mwanafunzi wa sheria chuoni. Wala hakuwa na ligi ya jiji wala ukumbi wa nusu saa. Huyu kijana anaweza, ila asome. Vyuo vya Marekani vinatoa ufadhili kwa wachezaji: Robert Morris ya Illinois ilianza mwaka 2014 kwa League of Legends, na hapo Dallas kwenyewe, University of Texas at Dallas ina timu yake tangu 2018. Waandikieni hao wa Dallas muulize wanacheza gemu zipi sasa na wanataka alama gani.

MHASIBU
Na mkataba usiusaini leo. Angalia unadumu muda gani, zawadi zinagawanywaje, nani ana haki ya jina na picha yake, mapato ya kurusha laivu ni ya nani, na akitakiwa na timu nyingine nani atalipwa kumwachia. Hilo la mwisho ndilo huwafunga vijana.

MAMA WA WATATU
Asanteni sana. Jana nimekaa naye na kumsomea haya. La Clayster alilijua, la Chicago pia, ila alikiri hakuwahi kulifikiria kwa upande wake. Tumekubaliana shule anamaliza, mazoezi ni jioni na wikiendi, na kompyuta siigusi. Akifika 18 akiwa na cheti, nampa mwaka mmoja nyumbani kwangu, chakula na intaneti juu yangu. Baba yake hajakubali bado, ila Jumamosi yupo nyumbani na amesema ataketi atazame.

Kuhusu mkataba, nimeusoma. Umeandikwa miaka mitatu, na akiondoka mapema tunalipa sisi. Meneja anataka jibu kabla ya Ijumaa.

KIJANA WA GARLAND
Miaka mitatu kwa timu ya ridhaa? Usisaini, mama. Mwambie utajibu ukishaonana na wakili. Akisema nafasi itapotea, iache ipotee.

MAMA WA WATATU
Nimemwandikia hivyo sasa hivi. Kuna mwenye kumjua wakili wa mikataba hapa Dallas, awe anaelewa Kiswahili ili na baba yake amsikie vizuri? Naomba aniandikie inbox.