Benzeksoli na haloperidoli: shingo imepona, sasa hatulii. Tuongeze dozi?

Kaka Mkubwa: Wakuu, naomba ushauri. Mdogo wangu, miaka 26, yuko wiki ya sita ya haloperidoli (dawa ya ugonjwa wa akili), miligramu 5 asubuhi na 5 usiku. Siku ya tatu shingo ilipinda, macho yakagandia juu. Akachomwa sindano, akaandikiwa benzeksoli (Artane) kidonge kimoja cha miligramu 5 kila asubuhi. Shingo haina shida tena, ila sasa hatulii: anakaa, anainuka, anazunguka ua, hata akila miguu inachezacheza. Tangu juzi tumempa benzeksoli vidonge 3 kwa siku. Mdomo umekauka, ujumbe wa simu hausomi, choo siku ya nne hakijapata. Tuongeze, au tuache zote?

Mfamasia wa Zamu: Msiongeze, wala msiache haloperidoli kiholela. Miligramu 15 kwa siku kwa kawaida ndiyo dari ya benzeksoli kwa madhara ya haloperidoli, na huko hufikishwa na daktari, si na familia. Pigeni simu kliniki leo wawape utaratibu wa kurudi kwenye dozi iliyoandikwa.

Shingo kupinda na miguu kutotulia ni vitu viwili. Haloperidoli huziba dopamini, kemikali ya ubongo, na mwenzake asetilikolini ikabaki inatamba peke yake, misuli ikavutwa. Benzeksoli huishusha hiyo asetilikolini, ndiyo maana shingo ilinyooka. Kutotulia huku kunaitwa akathisia, na benzeksoli haisaidii sana hapo. Hutibiwa kwanza kwa kupunguza au kubadili haloperidoli yenyewe, au kuongeza propranololi (dawa ya moyo na presha).

Nesi Kliniki: Kosa kubwa ni kudhani ugonjwa umerudi, haloperidoli ikapandishwa, akazidi kuzunguka. Muulize taratibu: "Kinachokuinua ni mawazo, au miguu yenyewe?" Mwenye akathisia mara nyingi atakuambia ni miguu, au ndani kunamwasha.

Hicho choo msikichukulie poa, benzeksoli hulaza utumbo. Maji, papai na mboga ni sawa, lakini tumbo likivimba, akitapika, asipopitisha upepo au mkojo ukigoma, hospitali siku hiyohiyo. Na asishinde juani: jasho halitoki vizuri, joto hupanda haraka.

Kaka Mkubwa: Asanteni. Ana pumu. Na benzeksoli ataimeza maisha yote?

Mfamasia wa Zamu: Pumu! Basi propranololi hapana. Mtajie daktari mapema, zipo njia nyingine.

Maisha yote hapana. Watu wengi huachwa nayo miaka kwa sababu tu kila mwezi daftari linanakiliwa. Dozi ya haloperidoli ikitulia miezi mitatu hivi, ombeni benzeksoli ipitiwe. Hushushwa kidogo kidogo, mfano nusu kidonge kila baada ya wiki mbili. Ikikatwa ghafla huleta kichefuchefu, kukosa usingizi na mkakamao kurudi.

Wakati wa kushusha mpime hivi: shika kifundo cha mkono wake, kunja na kunjua kiwiko polepole huku akifumba na kufumbua kiganja cha mkono wa pili. Kiwiko kikienda kwa kukatakata kama gurudumu lenye meno, mkakamao upo. Tazama pia kama mikono inabembea akitembea.

Nesi Kliniki: Nyongeza. Baada ya miezi au miaka akianza kutafunatafuna bila chakula au ulimi kutokatoka, benzeksoli huzidisha hali hiyo, haiitibu. Homa kali pamoja na kukakamaa na kuchanganyikiwa ni dharura. Akitapika msimpe metoklopramidi (Plasil), nayo huziba dopamini na kupinda shingo.

Vidonge vya benzeksoli fungieni kabatini na mvihesabu. Kuna wanaovitafuta ili walewe. Na mzee wa nyumbani anayetetemeka asigawiwe: mwenye tezi dume mkojo utaziba, mwenye presha ya macho ataumia, na wazee wengi huanza kuweweseka.