Hedhi imekoma, ngozi inakauka na kuwasha usiku. Wenzangu wa Tabora na Kigoma mnafanyaje?

Mama Kulwa, Isevya (Tabora)

Shikamooni mama zangu, na wadogo zangu habari zenu. Nina miaka 52, nauza kanga na vitenge sokoni hapa Tabora mjini. Hedhi imekoma, ni zaidi ya mwaka sasa. Joto la ghafla nililitarajia kwa sababu mama alinisimulia, ila habari ya ngozi sikuwahi kuisikia kwa mtu yeyote.

Miguu kuanzia magotini kushuka chini inapauka hata nikipaka mafuta asubuhi. Saa sita mchana ukinikwangua kwa ukucha unaweza kuandika jina lako. Vidole navyo vimekuwa vikavu, vinakwaruza kitambaa nikimfunulia mteja. Usiku ndiyo kazi: nasikia kama sisimizi wananitambaa mgongoni, nawasha taa, sioni kitu. Baba Kulwa ametoa godoro nje akalianika juani akidhani ni kunguni. Na hiki kiangazi chetu na upepo wake, mnakijua.

Mashavuni pia nimetokwa na weusi pande zote mbili. Binti wa duka moja la vipodozi ananishawishi ninunue krimu ya kuchanganya, eti wiki moja tu uso unatakata. Sijaichukua, nataka nisikie kwenu kwanza. Haja yangu ni kulala, na mikono irudi kuwa laini.

Bi Mise, Mwandiga (Kigoma)

Pole sana dada. Huku kwetu dawa ya ngozi kavu ni mafuta ya mise, yale yanayotoka kwenye kokwa la mchikichi. Tunapaka watoto, tunapaka nywele, tunapaka visigino. Usichanganye na mawese mekundu ya kupikia, hayo yatakuharibia kanga zako kwa rangi. Mise ya kukaanga nyumbani ni nyeusi na ina harufu nzito, lakini ipo iliyokamuliwa kwa mashine, harufu yake ndogo. Kwa baridi ya asubuhi huko Tabora yataganda kwenye chupa. Hayajaharibika, yaweke juani kidogo. Mimi napaka nikitoka kuoga kabla sijajifuta nikakauka. Hiyo krimu ya wiki moja iache hapo hapo dukani.

Nesi Mstaafu

Mama Kulwa mwanangu, marahaba. Hao sisimizi si kunguni wala mambo ya watu wabaya. Nimewasikia kwa wanawake wengi wa umri wako, na wengi walikuwa wanaona aibu kusema.

Ovari, yaani vifuko vya mayai, zikiacha kutoa estrojeni, homoni ya kike, ngozi inapoteza kolajeni, zile nyuzi zinazoipa unene na uimara. Miaka 5 ya mwanzo baada ya hedhi kukoma hupotea karibu asilimia 30, halafu kasi inapungua, inabaki kama asilimia 2 kwa mwaka. Mafuta ya asili nayo yanapungua, maji yanatoka kwenye ngozi kwa urahisi, na ngozi kavu inawasha hata pasipo na upele.

Kwa hiyo anzia bafuni. Najua watu wa Tabora baridi ikiingia wanaoga maji ya moto kwa sabuni ya mche. Sabuni ile ni ya nguo, inabeba mafuta yote. Oga maji ya uvuguvugu, kwa muda mfupi, sabuni laini isiyo na manukato makali, tena makwapani, sehemu za mikunjo na miguuni tu. Kwingine maji yanatosha. Dodoki liweke pembeni. Ukitoka, jipanguse kwa kugusagusa, paka mafuta mwili ukiwa bado una unyevu. Mise ya huyo ndugu yetu wa Mwandiga ni nzuri, vaselini pia ni nzuri na ni ya bei ndogo. Glisirini usiipake peke yake kwenye ngozi kavu: matone machache kwenye kiganja chenye maji, kisha mafuta juu yake. Mikono paka kila ukinawa, kopo likae hapo hapo kibandani. Usiku ukitoka jasho, jimwagie maji matupu au jifute kwa kitambaa chenye maji, maana chumvi ya jasho inazidisha kuwasha.

Sasa hiyo krimu. Hapa nakusihi kabisa. Vipodozi vyenye zebaki na haidrokwinoni vimepigwa marufuku nchini, lakini mikorogo bado inauzwa, na mingine ina steroidi kali. Steroidi inaipunguza ngozi unene, nawe ngozi yako tayari inapungua. Zebaki inaumiza figo. Weusi wa mashavuni unakolezwa na jua: vaa kofia pana, hamishia meza kivulini, na ukiweza nunua losheni ya kukinga jua ya namba 30 au zaidi. Ngozi nyeusi nayo inaihitaji kwa madoa hayo. Yatafifia polepole, kwa miezi.

Jambo ambalo wengi hulinyamazia: ukavu unafika hadi ukeni, tendo linauma na mkojo unachoma. Huko usipake mise wala kuosha ndani kwa sabuni. Ipo krimu ya estrojeni ambayo daktari huandika. Vidonge vya homoni navyo vipo, ila havitolewi kwa ajili ya ngozi peke yake.

Na ukiwashwa wiki kadhaa bila nafuu, au una kiu nyingi, unakonda, au macho yanageuka manjano, nenda hospitali ya Kitete wakupime sukari, tezi la shingo, ini na figo. Damu ikitoka tena baada ya miezi 12 ya ukimya, hata tone, nenda wiki hiyo hiyo.

Mama Kulwa, Isevya

Mama, Mungu akuzidishie. Hilo la ukeni sikuliandika, ila umenigusa, nitakwenda. Mise nitaagiza kwa wanaokuja na treni kutoka Kigoma. Swali moja: kaka yangu ana mizinga Sikonge, nta iko tele nyumbani. Inafaa kwa visigino na vidole?

Mfuga Nyuki, Sikonge

Inafaa sana dada. Kwanza iyeyushe kwenye maji ya moto uichuje kwa kitambaa, uchafu wa masega utoke. Halafu kijiko kimoja cha nta iliyoparuzwa kwa vijiko vinne vya mise au alizeti, weka kwenye bakuli juu ya sufuria ya maji yanayochemka, usiweke moja kwa moja motoni maana nta inashika moto. Ikiyeyuka mimina kwenye kopo safi. Ikiwa ngumu mno ongeza mafuta. Paka usiku, vaa soksi. Kwenye uso usitumie, ni nzito.