Gego lina ufa: krauni moja kwa moja, kutibu mzizi kwanza, au kung'oa?

NyotaNjema:
Wakuu, naomba mawazo. Gego langu la chini linachoma nikitafuna kitu kigumu, na linachoma zaidi pale ninapoachia kuliko pale ninapobana. Maji baridi yanalishtua, kisha maumivu yanakata. Liliwahi kuzibwa kwa ile dawa ya rangi ya fedha, na lilizibwa eneo kubwa. Eksirei haikuonyesha kitu. Daktari wa kwanza kasema ni ufa, tulivike krauni (ile kofia ya kufunika jino lote). Wa pili kasema tutibu mzizi kwanza (kutoboa jino na kutoa neva iliyo ndani), krauni ifuate. Nyumbani wananiambia ling'olewe yaishe. Nimsikilize nani?

MzeeKiko:
Pole. Mimi niko upande wa nyumbani kwenu. La kwangu lilivikwa krauni, likatibiwa mzizi, na mwisho likang'olewa vilevile. Ya nini kuzunguka?

DaktariKinywa:
Mzee wangu shikamoo, na pole. Ila jino lako na lake huenda hayana ufa wa aina moja. Chama cha mabingwa wa mizizi ya meno cha Marekani kinagawa nyufa katika aina 5: vijistari vya juujuu kwenye enameli (ganda gumu la nje la jino), pembe ya jino iliyokatika, ufa unaoanzia juu na kushuka, jino lililogawanyika vipande viwili kabisa, na mzizi uliopasuka wima. Vijistari haviguswi, watu wazima wengi tunavyo. Aina mbili za mwisho kwa kawaida huishia kwenye koleo, ingawa kuna gego la mizizi miwili ambalo hukatwa mzizi mbovu na mzima ukaachwa. Ubishi wote uko kwenye ufa unaoshuka, kwa sababu haujulikani umefika wapi.

Hayo maumivu ya kuachia ni dalili nzuri ya utambuzi. Unapouma, pande mbili za ufa zinaachana kidogo. Unapoachia zinarudiana ghafla, majimaji yaliyo kwenye vijitundu vya dentini (tabaka la chini ya enameli) yanasukumwa na neva inashtuka. Kuhusu eksirei usishangae: kwenye magego ufa mara nyingi hukimbia kutoka mbele kwenda nyuma, kwa hiyo mionzi inaupiga ubapa na haiuoni.

BintiSahani:
Mimi nilipewa kiplastiki cha kuumia, nikauma pembe moja moja ya jino. Pembe tatu kimya, ya nne nikaruka kitini. Kabla ya hapo nilikuwa naapa kuwa linalouma ni jino la jirani.

DaktariKinywa:
Ndiyo kipimo cha kwanza hicho, dada. NyotaNjema, uliza kama kilifanyika. Uliza pia kama walipima ufizi kuzunguka jino lote kwa kile kijiti chembamba chenye alama. Kikizama sana mahali pamoja tu, na kwingine kote ufizi umeshika vizuri, ufa huenda umeshuka kwenye mzizi, na hapo hata mimi nasita kuliwekea jino krauni.

Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa hawalipendi: kuitoa ile dawa ya zamani. Ufa mwingi umejificha chini yake. Ikitoka, daktari anamulika taa kwa ubavu (mwanga unakatika pale penye ufa), au anapaka rangi ya bluu inayoingia kwenye mstari, anatazama kwa hadubini. Picha ya pande tatu ni nzuri kwa kuonyesha mfupa ulioliwa kando ya mzizi. Ufa wenyewe mara nyingi hauuoni, na chuma ndani ya jino kinaivuruga picha.

NyotaNjema:
Asante daktari. Ufizi haukupimwa na dawa haikutolewa. Sasa krauni au mzizi?

DaktariKinywa:
Inategemea neva. Baridi ikishtua na kuacha mara moja, neva imekasirika ila bado inaweza kutulia, kwa hiyo funika jino kwanza. Maumivu yakibaki muda mrefu baada ya baridi, yakija yenyewe usiku, au jino likiwa halihisi baridi kabisa, mzizi unatangulia. Kwa ulivyoeleza, naegemea kwa daktari wako wa kwanza.

Lakini wa pili hajatoa hoja hewani. Utafiti wa Krell na Rivera wa 2007 ulifuatilia meno ya namna hii yaliyovikwa krauni neva ikiwa bado na matumaini: takriban 1 kati ya 5 yalihitaji kutibiwa mzizi ndani ya miezi 6. Mimi nasoma takwimu hiyo kwa upande wa pili: manne hayakuhitaji kutobolewa. Njia ya kati ni krauni ya muda au pete ya chuma ya kulibana jino kwa wiki kadhaa. Likitulia, weka ya kudumu. Lisipotulia, tibu mzizi kabla hujalipia krauni.

FundiKrauni:
Naongezea la maabara. Krauni kamili inataka jino lichongwe pande zote. Kuna kifuniko kinachoshika pembe za juu tu, jino huchongwa kidogo, na kama kuta za jino bado ni nene mimi ningekipendekeza. Usikubali kuzibwa katikati tu bila kufunika pembe, zitaendelea kuachana. Tena, kama kuna wasiwasi wa mzizi baadaye, jueni krauni ya zirkonia (kauri ngumu sana) inasumbua kutoboa. Inatoboleka, ila daktari atakasirika.

MzeeKiko:
Haya, nimewaelewa. Ila mwambieni pia kwamba ufa hauungi.

DaktariKinywa:
Kweli kabisa mzee. Si mfupa huo. Krauni inaushika ufa usifunguke, haiuponyi, na unaweza kuendelea kushuka kimyakimya. Lakini koleo nalo lina bili yake: jino la juu linashuka kwenye pengo, ya pembeni yanalalia, ndipo unaanza kuulizia daraja (jino bandia linaloshikiliwa na meno ya jirani) au jino la kupandikiza.

BintiSahani:
Na kama unasaga meno usiku, tengenezewa kinga ya kuvaa ukilala, la sivyo utalivunja na hilo lililovikwa.

NyotaNjema:
Nasaga, naambiwa. Basi narudi kwa wa kwanza, nitaomba apime ufizi na atoe dawa ya zamani kabla ya kuchonga chochote. Wakati nasubiri nafanyaje?

DaktariKinywa:
Tafunia upande mwingine, acha kulijaribu kila saa kuona kama bado linauma. Likianza kuuma lenyewe usiku, au ufizi ukitoa kijipu, usisubiri miadi.